Malalamiko Kuhusu Mlango wa Historia Kuachwa Wazi

Shule ya Sekondari ya Darajani,
Malaba.
Jumatatu, 27 Julai 1998

Kwa Mzee Ojakol,
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Shule,
Afisi ya Uwakala wa Forodha,
Malaba.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUFUNGULIWA KWA MLANGO WA CHUMBA CHA KOMPYUTA, NA MADHARA YAKE KWA SOMO LA HISTORIA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na malori yaliyopanga foleni mbele ya afisi yako yakiwa yanasonga. Mimi ni Quinton Wandera, mwenye Shahada ya Ualimu katika Historia, na tangu Januari mwaka huu ni mwalimu wa somo hilo katika shule unayoiongoza. Tulionana siku ya wazazi. Mimi ndiye niliyevaa tai ya buluu na kukuuliza maswali matatu wakati wengine walikuwa na moja.

Naandika kulalamika, kwa heshima zote, kwamba Mwalimu Mkuu, Bw. Methuselah Okwara, ameufungua mlango wa chumba cha kompyuta na kuuacha wazi.

Nakusihi usiiweke barua kando. Najua kwamba tarehe 8 Juni nilikuandikia barua nyingine, ya kurasa nne, nikilalamika kuwa mlango huo huo umefungwa. Barua ile ilishughulikiwa kwa kasi ambayo sikuitarajia kamwe, na kasi hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Naomba ihesabiwe kuwa haikuandikwa.

Jambo lenyewe haliwezi kungoja. Ijumaa hii, tarehe 31, wanafunzi wa Kidato cha Pili wanachagua kati ya Historia na Biashara, na orodha mbili zimebandikwa nje ya afisi. Historia isipopata majina kumi na matano itaondolewa kwenye ratiba, na mimi nitaondoka nayo, kwa kuwa Halmashauri iliniajiri kwa somo hilo peke yake. Asubuhi ya leo orodha ya Biashara ilikuwa na majina thelathini na moja. Yangu ilikuwa na manne, na mmoja wa hao wanne alidhani anajiandikisha kwa kandanda.

Utakumbuka jinsi tulivyoanza kwa matumaini. Kompyuta hii tulitumiwa mwezi wa Mei na marafiki wa kanisa walio ng'ambo, na wewe mwenyewe uliipitisha forodhani kwa saa mbili, jambo ambalo watu wa Malaba bado wanalizungumzia. Ilifika shuleni kwa boda-boda, ikiwa imeketi kwenye mto wa abiria na kufungwa kwa mpira, huku Mwalimu Mkuu akitembea kando ya baiskeli na kuishika bega kama mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Kocholia. Ndani ya boksi mlikuwa na diski ya historia ya dunia: picha, ramani zinazosogea, na sauti za watu waliokufa zamani. Katika barua yangu ya kuomba kazi niliandika kwamba teknolojia mpya itamfanya mwanafunzi aione historia kwa macho yake mwenyewe. Kumbe sikujua ni vitu gani vinavyomfanya atake kuangalia. Sasa najua, na vyote vimeondolewa, kimoja baada ya kingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta imevuliwa nailoni. Ilikuja ikiwa imevikwa nailoni ya kiwandani, na Mwalimu Mkuu aliagiza isiguswe, kama ambavyo hakuna nyumba ya heshima hapa kwetu inayovua nailoni ya makochi mapya. Juu ya nailoni, Mama Perez, msimamizi wa stoo aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba, alitandika kitambaa alichokifuma kwa uzi wa manjano, na juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki. Kitambaa alikubali kukiinua wakati wa kipindi. Nilipomwomba atoe na nailoni, alinijibu, "Mwalimu, hii kitu haijawahi kujua vumbi, na si mimi nitaijulisha."

Kwa hiyo Mkutano wa Berlin tuliusoma kupitia nailoni. Wanafunzi walisogea hadi pua zikagusa skrini. Walibishana yupi ni balozi na yupi ni pazia. Katika mtihani wa mwisho wa mwezi, Sharlyne Amollo, kiranja wa darasa, aliandika hivi: "Mkutano ulifanyika kwenye ukungu mzito, ndiyo sababu mpaka ulichorwa katikati ya boma la babu yangu bila wao kumwona." Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi kwa muda mrefu, nikitafuta kosa. Mwishowe nilimpa alama zote.

Leo nailoni haipo. Mabalozi wanaonekana hadi vifungo vya makoti yao, na hakuna mwanafunzi mwenye swali.

2. Fomu ya kuingilia imefutwa. Mama Perez alifagia afisi za forodha kwa miaka tisa kabla ya kuja kwetu, na hakuondoka huko mikono mitupu kielimu. Mlangoni aliweka mti uliofungwa jiwe upande mmoja, unaoinuka na kushuka kama ule wa mpakani. Kila anayetaka kupita alijaza fomu nakala tatu: jina lake, darasa lake, anakwenda karne ya ngapi, atakaa huko muda gani, na kama amebeba chochote; kisha fomu ikapigwa muhuri. Miguu ilioshwa. Watu kumi tu kwa kipindi, katika darasa la watu arobaini na wawili.

Waliokosa nafasi walikuwa watoto wa Malaba, Mwenyekiti, na walifanya kile ambacho mtoto wa Malaba hufanya. Kabla ya wiki kwisha, mtu fulani alikuwa amechonga muhuri kwa kipande cha muhogo, safi kiasi kwamba siku muhuri wa Mama Perez ulipopotea aliuazima huo ili kazi isisimame. Katika barua ile ambayo tumekubaliana haikuandikwa, nilidai kwamba utaratibu huu unamdhalilisha msomi. Nilikosea. Chuoni nilifundishwa nadharia nne za kumvutia mwanafunzi, na hakuna hata moja inayotaja mti wenye jiwe.

3. Dirisha la nyuma limekufa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu nililiona likiwa hai. Katika mwezi wa Juni, kila siku saa ya chakula cha mchana, nikiwa kwenye chumba cha walimu, niliona miguu ikipotelea ndani ya dirisha la chumba cha kompyuta. Ilianza miwili, ikawa sita, na kufikia katikati ya mwezi nilihesabu miguu ya watu ishirini na wanne. Walikuwa na mlinzi wa kupiga mluzi. Walikuwa na mvulana mrefu wa kukanyagwa mgongo. Na walikuwa wakiiacha foleni ya githeri, Mwenyekiti! Wewe umewahi kusoma bweni, huhitaji nikueleze uzito wa jambo hilo.

Siku moja nilimkuta Sharlyne akirudi, mgongo umejaa chokaa ya ukutani. Nikamuuliza ametoka wapi.

"Historia, mwalimu," akasema, macho chini, kama mtu aliyekutwa na sukari ya Uganda chini ya kiti.

Niligeuka nikaangalia ubao wa matangazo kwa muda, kwa sababu macho yangu hayakuwa sawa.

Kisha tarehe 6 Julai mlango ukafunguliwa, na pamoja na mlango, chumba kikawa huru saa yoyote, bila fomu, na viatu miguuni. Dirisha halikuhitajika tena. Katika kipindi cha kwanza cha uhuru huo walikuja wanafunzi saba. Wawili walilala. Mmoja alikuja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nilipopeleka malalamiko yangu kwa Mwalimu Mkuu, alivua miwani akaniangalia. "Bwana Wandera," akasema, "uliomba mlango, mlango ndio huo. Sasa unataka niuzibe na nini?"

4. Mashine ya unga imenyamazishwa. Shule yetu, kama unavyojua, hupata umeme kwa waya unaotoka kwenye mashine ya kusagia unga ya jirani. Mashine inaposaga, kompyuta huzimika papo hapo, kwa kuwa umeme hautoshi unga na elimu kwa pamoja. Hadi mwezi uliopita mashine ilikuwa ikianza saa sita na nusu na kuendelea hadi saa nane bila kupumzika. Kipindi changu ni saa sita hadi saa sita na dakika arobaini. Kwa maana hiyo kila tukio la historia lilikatika likibakisha dakika kumi.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliishia mwaka wa 1916, gunia la mtu lilipofika. Reli ya kutoka Mombasa ilikwama Naivasha. Wanafunzi walitoka darasani wakigombana kama reli iliendelea au iliachwa hapo, na wawili walinifuata hadi kwangu kutaka kujua. Sasa Mwalimu Mkuu amezungumza na mwenye mashine, naye amekubali kungoja hadi saa sita na dakika arobaini ndipo aanze. Reli inafika Kisumu kila wiki, na hakuna anayejali.

5. Maharagwe. Baada ya mlango kufunguliwa hapakuwa na cha kulinda, kwa hiyo Mama Perez amerudishwa kwenye stoo ya chakula. Silalamikii uhamisho wake. Ni mama mchapakazi na kila mtu anamheshimu. Nalalamikia kilichofuata. Tangu wiki hiyo hiyo, wanafunzi wa Kidato cha Pili wameanza kujitolea kuchagua mawe kwenye maharagwe ya shule. Kazi hiyo, Mwenyekiti, ilikuwa adhabu. Ilitolewa kwa waliochelewa na waliotoroka. Sasa kila siku saa kumi wanakaa juu ya magunia, kimya, kwa saa nzima. Juzi nilihesabu thelathini na mmoja kwa kupitia nyufa za mlango. Maharagwe yale yamechaguliwa mara tatu. Mpishi anasema hajawahi kupika maharagwe safi namna hii na anashuku kuna jambo. Mvulana mmoja aliambiwa na mwalimu wa zamu kwamba hana kosa lolote na aende zake, naye akauliza kwa adabu amkosee nani ili abaki.

Nakiri kwamba nimejeruhiwa. Mtu amesoma chuo kikuu kwa miaka minne, amekuja na diski yenye ramani zinazosogea, na ameshindwa na maharagwe.

Nimetafakari sana, na nimefikia maelezo mamoja tu, ambayo wewe kwa kazi yako utayaelewa kuliko afisa yeyote wa elimu. Wanafunzi wetu wamezaliwa mpakani. Tangu wakiwa mgongoni wameona kwamba kitu kinachopita mlango wa mbele, kwa karatasi halali, mchana kweupe, hakina mnunuzi. Kitenge kinachopendwa ni kile kilichovuka mto kikiwa kimefungwa kiunoni. Sukari tamu ni ile iliyozunguka kwa njia za panya. Tulipoizuia Historia, walivunja miiko yote ili waipate. Tulipoiruhusu, tuliifanya kuwa kama sabuni ya dukani. Na kwa vile maharagwe ni adhabu, yaani kitu ambacho mtu mwema hatakiwi kukigusa, hamu yao imehamia huko.

Kwa msingi huo, naomba Halmashauri, kabla ya Ijumaa saa nane, iamue kama ifuatavyo:

(a) Mlango ufungwe kwa kufuli mbili, mti na jiwe virudi mahali pake, na fomu ya Mama Perez iongezwe kutoka nakala tatu hadi tano.

(b) Kompyuta ivishwe tena nailoni yake, na nailoni ya pili juu yake.

(c) Vitabu vyote vya Historia vikusanywe mbele ya wanafunzi asubuhi ya gwaride, vitiwe kwenye magunia, na magunia yapigwe lakiri na mtu wa afisi yako. Mwanafunzi atakayekutwa na tarehe ya vita vyovyote mfukoni aandikwe jina.

(d) Somo la Biashara lifundishwe mlango ukiwa wazi, kwa lazima, kila siku, Jumamosi ikiwemo, na sifa zake zitangazwe mara kwa mara na watu wazima.

(e) Ikionekana kwamba hayo hayatoshi, mimi mwenyewe nitangazwe kuwa mtu asiyeruhusiwa kukanyaga shuleni. Niko tayari kuingia kazini kwa dirisha.

Sina shaka kwamba hatua hizi zikichukuliwa Jumatano, kufikia Alhamisi jioni orodha ya Historia itakuwa imejaa kwa siri hadi pembeni mwa karatasi, na huenda nyingine bandia imechapishwa.

Nakushukuru kwa kuipa barua hii muda ambao ungeupa lori. Nifikishie salamu zangu kwa mama nyumbani, kwa makarani wako, kwa wajumbe wote wa Halmashauri hata wale waliosinzia siku ya wazazi, kwa kijana wa boda-boda aliyeileta kompyuta bila mkwaruzo, na kwa Mwalimu Mkuu, ambaye simchukii; alinifanyia tu nililomwomba.

Ni mimi, kwa utii na kwa matumaini yaliyobakisha siku nne,

Quinton Wandera
Mwalimu wa Historia, hadi Ijumaa

N.B. Jumatano, 29 Julai. Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha nilipokwenda stoo jana saa kumi kukusanya ushahidi wa lalamiko la tano. Niliingia ghafla. Hakuna aliyegeuka. Thelathini na mmoja walikuwa juu ya magunia, mikono ndani ya masinia, na Mama Perez alikuwa katikati yao akisimulia siku mpaka ulipofungwa naye akiwa bibi harusi: yeye na wapambe wake upande wa Uganda, bwana harusi na mchungaji upande huu, na sufuria za wali zikiwa zimeshavuka. Mwaka hautaji, anauhesabu kwa watoto wake. Nilisimama mlangoni. Baadaye nilikaa kwenye gunia. Baadaye tena niligundua kwamba nimepewa sinia na ninachagua mawe.

Alipomaliza sehemu ya jana, nilimuuliza Sharlyne kama hivi ndivyo walivyoiacha kompyuta kwa ajili ya maharagwe. Alinijibu kwa upole ambao sikustahili. "Lakini mwalimu, saa ya lanchi si mashine huwa inasaga? Kompyuta ingewaka na nini?" Kumbe saa zile zote za dirishani kompyuta ilikuwa imezimika chini ya kitambaa chake, Mama Perez akiipangusa na kusimulia huku mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, na miguu ile ishirini na minne mara mbili ilikuwa ikimfuata yeye. Nina shahada, Mwenyekiti, na sikuwahi kujiuliza swali la umeme.

Kisha akanipa karatasi ya kaki iliyobanduliwa kwenye gunia. Ni majina ishirini na sita ya Historia, yote kwa mikono tofauti, nimehakikisha. Wameweka masharti mawili. Kwamba somo lifanyike stoo. Na kwamba kompyuta iletwe huko, yenye nailoni au bila, ili mmoja aandike anayosema Mama Perez huku wengine wakichagua, kwa zamu, yasije yakapotea. Mama Perez amekubali, mradi mikono ioshwe. Juu ya orodha wameandika: "Mwalimu: Mama Perez. Msaidizi: Bw. Wandera." Nimetia sahihi kando ya cheo changu.

Kwa hiyo naomba maombi (a) hadi (e) yafutwe, pamoja na sababu zake zote. Badala yake naomba kitu kimoja: waya wa umeme wa mita kumi na tano, utakaotoka chumba cha kompyuta hadi stoo. Ningeeleza kwa urefu, lakini saa kumi inakaribia, na jana alituacha katikati ya daraja, akiwa na gauni lake jeupe, na askari wa pande zote mbili wakimwambia arudi alikotoka.